Ukienda likizo Lamu, keti chini ufunzwe khati

Mwezi wa Septemba 2024 mgonjwa wangu mmoja, mama mtu mzima mwenye vidonda vya tumbo, alirudi kliniki siku nne baada ya mimi kumwandikia dawa. Midomo ilikuwa imemkauka, kichwa kilimzunguka kila aliposimama, na alikuwa na hasira. "Daktari mwanangu," aliniuliza, "ni dawa gani hii ya tumbo inayonikesha chooni?" Nilimwomba anionyeshe. Ilikuwa Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini ambayo huwapa wagonjwa wa moyo na watu waliovimba miguu. Mimi nilikuwa nimemwandikia Losec, ambayo hupunguza asidi tumboni.

Nilitaka sana kumlaumu muuza dawa. Nilimpigia simu, naye kwa adabu akaniletea ile karatasi. Niliitazama kwa muda mrefu. Msomaji, sikuweza kuisoma. Herufi ya kwanza ilikuwa L, ya mwisho ilikuwa mkia mtupu, na katikati palikuwa na kitu kama nyoka aliyekanyagwa. Yule kijana alikuwa amekisia. Ni kweli angalinipigia simu kuuliza kabla ya kutoa dawa, lakini kosa lilianza mkononi mwangu. Majina hayo mawili yamewahi kuchanganywa kwingineko pia, hata huko Marekani Losec ikabadilishwa jina na kuitwa Prilosec mwaka wa 1990. Mama alipata nafuu baada ya kuacha dawa ile na kunywa maji ya kutosha. Lau angekuwa na figo dhaifu, au anatumia dawa nyingine za presha, huenda leo ningekuwa ninaandika mambo mengine.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ninalotaka kulisema leo linaweza kuonekana ni anasa. Ninasema kwamba mtu anayefanya kazi ya haraka, awe daktari, mwalimu, dereva au karani, akipata siku chache za likizo na nauli ya kumtoa kwao, atumie sehemu ya siku hizo kuketi mbele ya fundi wa sanaa ya mahali hapo na kufunzwa. Si kwa ajili ya kuwa fundi. Ni kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Na gharama yake si kubwa kama watu wanavyodhani.

Wakati ule nilikuwa nikiona wagonjwa hamsini hadi sitini kwa siku. Mtu akikaa mbele yangu dakika tano, tatu zilikuwa za kusikiliza na mbili za kuandika, na katika hizo mbili mlango ukigongwa. Nililala saa tano za usiku, saa tisa nikawa macho, nikitazama dari. Wauguzi waliniepuka. Asubuhi tatu tofauti nilijipima presha, na mara zote ya juu ilipita 145 na ya chini ikafika 95. Kipimo cha 140 kwa 90 kikirudiwa kwa siku mbalimbali ndicho tunachokiita ugonjwa wa shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ana presha iliyopanda, basi sikuwa peke yangu. Nilimwendea daktari mwenzangu, kwa maana daktari hafai kujitibu (tunalisema sana hilo na kulitii mara chache). Alinipa majuma sita ya kupunguza chumvi, kutembea na kupumzika, kisha tuamue kuhusu dawa. "Na uchukue likizo," akaongeza, "wala isiwe ya kwenda kusimamia mafundi wa nyumba huko kwenu."

Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi katika orodha yake ya kimataifa ya maradhi mwaka wa 2019, likasema si ugonjwa bali ni hali inayoletwa na kazi. Maana yake ni kwamba hakuna kidonge chake.

Basi Januari 2025 nilipanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti hadi Lamu. Nilichagua mahali ambapo gari haliwezi kunipigia honi. Vichochoro vya mji wa kale, ule uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, vinapitwa na watu na punda tu. Siku mbili za kwanza nilifanya kama wafanyavyo watu wengi likizoni. Nilikula kupita kiasi, nikalala mchana, usiku usingizi ukanikataa, na fikira zangu zote zikawa kliniki. Niwaambie wasomaji siri moja ya kazi yetu: kila mwezi wa Januari tunawaona watu waliotoka mapumzikoni wakiwa wagonjwa kuliko walivyokwenda. Wamesahau vidonge vyao nyumbani, wamekunywa, wamekula chumvi, na hawakupumzika hata kidogo. Kulala chali si kupumzika ikiwa kichwa kinaendelea na kazi.

Siku ya tatu nilipita mbele ya baraza ambapo mzee mmoja alikuwa akiandika khati juu ya kibao cha mbao. Nilisimama nikimtazama karibu robo saa bila yeye kuinua uso. Alipomaliza mkia wa herufi ndipo alipovuta pumzi, akaniona, akasema, "Ndoo." Mimi wa bara nikageuka kutafuta ndoo ya maji nimletee. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kwa Kiamu alikuwa amesema njoo.

Tulipatana shilingi 800 kwa somo la saa mbili, asubuhi tano, jumla shilingi 4,000, kalamu na wino juu yake. Safari ya siku moja ya dau ya kuvua samaki na kuchoma, niliyokuwa nimetajiwa jana yake, ilikaribia fedha hizo zote.

Somo la kwanza halikuwa na herufi hata moja. Alinipa kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha bapa na kukatwa kwa mshazari, kidau cha wino chenye nyuzi za hariri ndani yake ili kalamu isinywe wino kupita kiasi, na lundo la kalenda za zamani, maana upande wake wa nyuma ni laini na kalamu huteleza vizuri. Kazi yangu ilikuwa kuweka nukta. Ukiikandamiza ncha ya kalamu na kuivuta kidogo unapata umbo la almasi, na umbo hilo ndilo rula ya khati nzima. Mpango huo wa kupima herufi kwa nukta unahusishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka wa 940. Inasimuliwa kwamba watawala walimkata mkono wa kulia, naye akaifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Mwalimu wangu alinisimulia kisa hicho nilipolalamika kwamba kidole gumba kinaniuma.

Siku ya pili ilikuwa ya alifu. Ni mstari mmoja tu wa kusimama, na kwa kipimo cha mwalimu wangu urefu wake ni nukta tano. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Niliandika alifu tangu saa mbili hadi saa nne asubuhi na hakupatikana hata moja aliyoikubali mzee. Nyingine ilikuwa na tumbo, nyingine ililala kama mlevi, nyingine ilikuwa nyembamba juu kwa sababu nilikuwa nimeharakisha kushuka. "Mkono wako wakimbia wapi?" aliniuliza. "Hapa hapana mgonjwa." Nilikuwa nikiandika alifu kama ninavyoandika karatasi za dawa, kwa vidole na kifundo cha mkono, bega likiwa limekakamaa karibu na sikio. Alinishika bega kwa upole akalishusha. Kisha akaniambia nishushe kalamu huku nikitoa pumzi, nisiinue wala nisikate hadi pumzi iishe.

Hapo udaktari wangu uliamka. Mapigo ya moyo huenda kasi kidogo tunapovuta pumzi na hupungua tunapoitoa. Mtu akitoa pumzi polepole kwa muda mrefu, mshipa wa fahamu unaotoka kichwani hadi moyoni na tumboni huuambia moyo utulie. Ndiyo sababu tunawafunza wagonjwa wenye wasiwasi kupumua taratibu, nao hufanya mara mbili wakaacha kwa kuwa kupumua peke yake kunachosha. Mzee huyu hakusoma mambo ya mishipa, lakini alikuwa amenipa sababu ya kupumua taratibu mara mia moja katika asubuhi moja, na sikuchoka. Nilipotazama saa nikakuta sijaifikiria kliniki tangu nilipoketi. Usiku ule nililala saa tatu nikaamshwa na adhana ya alfajiri.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba khati ni dawa ya presha. Nilijipima siku ya mwisho nikapata 132 kwa 84, na nilifurahi, lakini katika siku zile nilikuwa pia nikitembea kila jioni hadi Shela na kurudi, silali na simu karibu, sili chipsi, na hakuna mtu aliyenigongea mlango. Nani ajuaye ni kipi kilichosaidia? Uchunguzi uliopo ni wa kutia moyo, ila usisomwe kwa pupa. Mwaka wa 2016 wataalamu wa Marekani walichapisha habari za watu wazima 39 waliokaa dakika 45 wakichora na kufinyanga. Kiasi cha robo tatu yao walipungukiwa na kotisoli, ile homoni inayopanda mtu akiwa katika dhiki, na waliokuwa hawajawahi kushika brashi walinufaika kama wenzao. Ni jambo zuri. Lakini watu 39 ni wachache, na hapakuwa na kundi jingine lililokaa tu bila kuchora ili walinganishwe. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa ripoti mwaka wa 2019 iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ikaona sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi na kumsaidia mgonjwa pamoja na matibabu yake. Pamoja na matibabu, si badala yake. Atumiaye vidonge vya presha avitie mfukoni aende navyo Lamu.

Ninalisisitiza hilo kwa sababu pwani yetu ina desturi ya zamani inayounganisha maandishi na tiba, nayo ni kombe. Aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi au maji, na mgonjwa akanywa. Nimeulizwa mara nyingi na wagonjwa kama ni vibaya. Jawabu langu ni kwamba imani ya mtu ni yake na sina ugomvi nayo, ila nina ugomvi na yule anayemwambia mgonjwa wa kisukari atupe sindano zake kwa kuwa amekwisha kunywa kombe. Mwalimu wangu, ambaye huyaandika mwenyewe anapoombwa, alinieleza kwamba humuuliza kila mtu kwanza kama amekwenda hospitali. Wangekuwa wote kama yeye, mimi nisingekuwa na la kusema.

Mtu wa bara asiye Mwislamu huenda akauliza kama mlango uko wazi kwake. Kwangu ulikuwa wazi. Mzee hakunianzishia aya za Kurani bali maneno ya Kiswahili. Alinikumbusha kwamba lugha hii iliandikwa kwa herufi hizi karne nyingi kabla hatujafunzwa a, e, i, o, u shuleni. Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate una nakala ya mwaka wa 1728, na Siyu, katika kisiwa hicho hicho, palikuwa na mafundi walionakili misahafu na kuipamba kwa rangi. Watu hao hawakuwa na mashine ya kuchapa. Kila ukurasa ulikuwa ni pumzi ya mtu. Sharti aliloniwekea lilikuwa moja, kwamba karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu isitupwe chini wala kufungiwa mandazi, na hilo si sharti gumu. Kwa akina mama ningeshauri waende wawili, maana wazee wengine huona haya kukaa peke yao na mwanamke asiye jamaa yao.

Siku ya nne nilikutana na ain. Kwa aliyesoma madrasa ni jambo la utotoni, lakini kwangu ilikuwa ajabu, kwa kuwa herufi hiyo hiyo mwanzoni mwa neno ni kama mdomo uliofunguka, katikati inajifunga kama fundo, na mwishoni inashuka na tumbo kubwa. Siku ya tano mzee aliniandikia neno la kunakili. Lilianza na ain. Lilikuwa afya. Nililiandika mara arubaini na tatu, na ile ya arubaini na tatu alitia alama ndogo pembeni, akaondoka kwenda kuswali bila kusema neno.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo nina manung'uniko. Asubuhi moja walikuja wasafiri wawili, wenzetu wa Nairobi na si wageni wa ng'ambo, wakataka somo la saa moja na kibao kimoja kila mmoja kwa shilingi 300. Mzee akakubali, kwa kuwa mwezi ule biashara ilikuwa nyembamba. Walipiga picha, wakaondoka baada ya dakika ishirini, na mmoja akarudi kuomba apunguziwe kwa kuwa hawakumaliza saa. Watu hao hao, nina hakika, humlipa daktari shilingi 2,000 kwa dakika kumi na kusema asante. Ninapotaja bei nafuu sina maana ya kumkamua fundi. Shilingi 800 niliona ni chache, na siku ya mwisho nilimwongezea. Akitokea mtu wa kusema kwamba kufunzwa sanaa safarini ni mambo ya matajiri, nitamwambia gharama kubwa ni nauli na malazi, ambayo ulikuwa uyalipe hata ukilala tu. Na kama huna nauli ya Lamu, fundi yupo karibu nawe zaidi ya unavyodhani.

Wako wachongaji wa mawe laini huko Tabaka, Kisii. Wako wachongaji wa mbao wa Wamunyu katika Ukambani, na jamaa zao wa chama cha ushirika pale Changamwe. Anayevuka hadi Dar es Salaam atawakuta wachoraji waliofuata mtindo wa Edward Tingatinga, aliyefariki mwaka wa 1972. Hao wote humpokea mwanafunzi wa siku mbili tatu akija na heshima. Ila hapa nivae tena koti langu jeupe. Vumbi la mawe ya Tabaka, likivutwa kwa muda mrefu, huumiza mapafu, na vumbi la mbao humsumbua mwenye pumu hata kwa siku moja. Funga barakoa inayobana vizuri, keti upande unaotoka upepo, na loanisha jiwe kwa maji unapolisugua. Rangi za Tingatinga ni za mafuta, zile za kupakia vyuma, na mvuke wake huleta maumivu ya kichwa. Chora nje au dirishani, na mwenye mimba achague sanaa nyingine. Khati katika hayo yote ndiyo salama zaidi, kwani wino wake wa masizi na gundi humchafua mtu vidole tu.

Hata hivyo, kuketi mkekani saa mbili si jambo dogo kwa mgongo wa mtu wa miaka arubaini na kitu. Omba mto, inuka kila baada ya nusu saa, na usione haya kuomba kiti. Mwenye baridi yabisi ya vidole aizungushie kalamu kitambaa iwe nene. Mwenye kisukari ambaye maandishi yanamcheza machoni aende kwa daktari wa macho kabla ya kwenda kwa mwalimu wa khati, na usidhani miwani ya kununua barabarani itakutosha. Kama mkono unatetemeka ukiwa umepumzika juu ya paja, na si unapoandika tu, hilo nalo ni jambo la kupeleka hospitalini. Usiende wakati wa Ramadhani ukitarajia masomo ya asubuhi, na Ijumaa malizeni kabla ya adhuhuri.

Majuma sita yalipokwisha nilirudi kwa mwenzangu, tukapima mara tatu, tukakubaliana nisianze dawa kwanza. Anaendelea kunipima kila mwezi. Kliniki haijabadilika, wagonjwa ni wale wale na mlango bado unagongwa. Nilichobadilisha ni kwamba jina la dawa ninaliandika lile la asili badala ya lile la kampuni, kwa herufi kubwa zilizotengana, na pembeni ninaandika kwa Kiswahili dawa hiyo ni ya nini, ya tumbo, ya presha, ya kifua. Inanichukua kama nusu dakika zaidi kwa kila mgonjwa. Baada ya juma moja yule kijana wa duka la dawa alinipigia simu kuuliza kama kliniki imeajiri daktari mpya.

Yule mama bado huja kila baada ya miezi mitatu. Nikimpa karatasi yake, hainuki. Huvaa miwani, akaisoma kwa sauti tangu mstari wa juu hadi wa chini, mimi nikingoja na foleni ikingoja, ndipo anapoikunja na kuitia kwenye kibeti.